Tumebadilisha wakuu wa mwendokasi, kiti ni kilekile

Mhariri,

Oktoba 2025 wakuu wa DART na UDART, taasisi mbili za mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam, waliondolewa kwa mpigo, uvumilivu wa abiria wa njia ya Kimara ulipofika mwisho. Haikuwa mara ya kwanza. Desemba 2015 mtendaji mkuu wa DART wa wakati huo aliondolewa miezi mitano kabla mabasi hayajaanza kubeba abiria. Kila zamu inapofika, mjadala wetu huwa ni huyo anayeingia: msomi wa nini, katoka wapi, mkali au mpole. Ni nadra mtu kuuliza kiti anachokalia kimepewa mamlaka gani.

Tuanze na nani anafanya nini, maana hata abiria wa kila siku huchanganya. DART ni wakala wa Serikali, ulioanzishwa mwaka 2007 chini ya Sheria ya Wakala za Serikali, Sura ya 245, na uko chini ya OR-TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kazi yake ni kupanga mfumo, kusimamia miundombinu na kumsimamia mtoa huduma. UDART ni kampuni iliyoundwa mwaka 2014, nayo ndiyo iliyoanza kuendesha mabasi Mei 2016 kwenye awamu ya kwanza ya kilomita 20.9. Nauli haipangwi na yeyote kati ya hao wawili. Inapangwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, kwa sheria ya mwaka 2019. Fedha za ujenzi ni mikopo inayopita Hazina. Basi likichelewa Kimara, abiria anamtukana dereva, dereva anailaumu karakana, karakana inasubiri vipuri, na vipuri vinasubiri malipo. Ukifuata mnyororo huo hadi juu utakuta saini tano, na ya mtendaji mkuu wa DART huenda isiwemo kabisa.

Jambo la pili halizungumzwi kabisa, nalo ni bodi. Sheria hiyo ya wakala haitoi bodi ya wakurugenzi. Inatoa Bodi ya Ushauri ya Wizara, ambayo kazi yake ni kama jina lake: kumshauri Waziri. Haiajiri mtendaji mkuu, haimfukuzi, haiidhinishi mkataba wa uendeshaji kwa mamlaka yake yenyewe. Muundo huo unafaa kwa taasisi inayotoa vibali au vipimo vya maabara, ambako kuchelewa kwa wiki moja hakumwachi mtu kituoni. Haufai kwa mfumo ambao kosa la saa kumi na mbili asubuhi linaonekana saa kumi na mbili na nusu. Upande wa pili UDART, kwa kuwa ni kampuni, ina bodi yenye meno ya sheria ya makampuni. Kwa hiyo msimamizi ana washauri, anayesimamiwa ana wakurugenzi. Mizani hiyo imepinda tangu mwanzo.

Tazama hesabu ya mabasi yenyewe, kwa sababu ndiyo inayoonyesha uongozi unahitajika wapi. Chukua mfano wa njia ambayo safari ya kwenda na kurudi, pamoja na kugeuza, inachukua dakika 120. Ukitaka basi kila dakika 2, unahitaji mabasi 60 yakiwa barabarani, na mengine kama 8 ya akiba. Basi refu la mita 18 hubeba watu wapatao 150, kwa hiyo mabasi 30 kwa saa ni abiria 4,500 kwa upande mmoja. Sasa akiba yote iishe na mabasi 20 zaidi yalale karakana. Yanabaki 40, basi linapita kila dakika 3, uwezo unashuka hadi abiria 3,000. Kila saa watu 1,500 wanabaki jukwaani. Baada ya saa mbili za asubuhi wamefika 3,000, na hapo ndipo watu wanapoanza kuingilia dirishani.

Na hesabu haiishii hapo, inajila yenyewe. Kituo kikijaa, milango haifungi, basi linakaa dakika moja badala ya sekunde 25. Safari ya dakika 120 inakuwa ya dakika 135. Gawanya kwa mabasi 40 yaleyale: basi moja kila dakika 3 na sekunde kama 22. Milango inayosukumwa na watu nayo huvunjika, na basi jingine linaungana na wenzake karakana. Ndiyo maana huduma ya aina hii haiporomoki kidogokidogo. Inabaki inapumua kwa miezi, halafu inaanguka ndani ya wiki mbili. Mkuu anayesubiri malalamiko ndipo achukue hatua ameshachelewa. Namba ya kuangalia kila siku saa kumi alfajiri ni moja: mabasi mangapi yametoka getini ukilinganisha na ratiba.

Mabasi hayo 20 yanalalaje? Mara chache ni injini. Mara nyingi ni vitu vidogo: mipira ya hewa ya springi, pedi za breki, vali za milango, vichujio, betri, na kwa mabasi marefu ile sehemu ya katikati inayokunja. Vitu hivi vinajulikana vitaisha lini, kwa kilomita. Lakini kama kila kipuri kinaombwa kivyake, kinapitishwa kivyake na kulipwa kivyake, basi linalala wiki sita kwa ajili ya kitu kinachobebeka kwenye mfuko wa rambo. Fundi naye, akibanwa, anang'oa kipuri kwenye basi moja kufufua jingine. Mwezi wa kwanza inaonekana ni ubunifu. Mwaka wa pili una mabasi kumi yaliyobaki mifupa na hakuna anayejua kwenye daftari yanahesabika kama mazima au mabovu. Dawa yake inajulikana: mkataba wa bei wa miaka mitatu na wasambazaji, kiwango cha chini cha akiba kwa kila kipuri kinachoisha haraka, na akaunti ya matengenezo inayotengewa fungu la nauli kila siku kabla mishahara na madeni hayajagusa chochote. Anayeweza kuilinda akaunti hiyo ni bodi. Mtendaji mkuu peke yake, siku akipigiwa simu kutoka juu, hawezi.

Kisha mkataba. Ukimlipa mwendeshaji kwa abiria, atasubiri basi lijae na atakata safari za usiku. Ukimlipa kwa kilomita, atazungusha mabasi matupu saa nane mchana. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ambako mfumo wa mabasi wa TransMilenio ulioanza Desemba 2000 uliigwa na miji mingi, ulichagua kilomita kuwa msingi wa malipo ya mabasi ya njia kuu, ukatenganisha anayekusanya fedha na anayeendesha basi. Mpango wa awali wa DART nao ulitaka hivyo: mwendeshaji mbali, mkusanyaji nauli mbali, meneja wa mfuko mbali, na Wakala juu yao. Huduma ya mpito ya 2016 ilianza kabla vipande vyote havijakaa sawa, na mpito wetu, kama ilivyo desturi, ukazoeleka. Mkataba unaofaa unalipa kilomita zilizopangwa na kuthibitishwa na GPS, unakata kwa safari iliyorukwa, unakata zaidi kwa safari iliyorukwa kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi. Makato yanafanywa na mfumo kila mwezi bila barua za kuombana radhi. Mtendaji mkuu ambaye hana haki ya kukata hata shilingi ni mwangalizi tu mwenye gari la ofisi.

Jangwani ni darasa lingine. Karakana kuu ilijengwa kwenye bonde la Msimbazi na mvua kubwa zikinyesha maji yanaingia. Kila mkuu mpya hupigwa picha akiwa na mabuti. Lakini bonde liko chini ya mradi mkubwa wa mkopo, barabara ina wenyewe, mabasi ni ya kampuni, na ardhi ya kuhamia iko mikononi mwa mamlaka nyingine. Kumdai mtendaji mkuu aihamishe karakana bila kumpa kauli juu ya hata kimoja kati ya hivyo ni kumtuma dukani bila hela. (Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa mfumo huuhuu. Hatukuipata kwa uongo; ila ilitolewa kwa ramani na vituo, na karakana hailindwi na tuzo.)

Tunachoomba si kingi. Sheria irekebishwe, DART iwe mamlaka yenye bodi ya watu wasiozidi tisa: mwendeshaji mzoefu wa mabasi, mhandisi wa magari, mhasibu, mwanasheria wa mikataba, mwakilishi wa abiria na mwakilishi wa watu wenye ulemavu wasikosekane. Vipindi vyao visiishe vyote mwaka uleule, ili kumbukumbu isiondoke na gari moja. Nafasi ya mtendaji mkuu itangazwe, mkataba uwe wa miaka minne wenye vipimo vilivyoandikwa, na anayeondoka akabidhi kwa maandishi: orodha ya kila basi na hali yake, madeni kwa msambazaji, kesi zilizoko mahakamani, salio la akaunti ya matengenezo. Makabidhiano ya keki na picha hayamsaidii anayeingia.

Na kila mwezi, ifikapo tarehe 10, namba nne zibandikwe kwenye kila kituo na gazetini: mabasi yaliyotoka asubuhi kwa asilimia ya ratiba, muda wa kusubiri kwenye vituo vitano vyenye watu wengi, safari zilizorukwa, na makato aliyokatwa mwendeshaji. Awamu ya pili ya Mbagala, kilomita 20.3, itumie fomu hiyohiyo, ili wa Kimara na wa Mbagala wasome karatasi moja. Zibandikwe hata mwezi ambao namba ni mbaya, na hasa mwezi huo.

Wadau wa usafirishaji,
Dar es Salaam