Neva haina rangi ya njano

Ndugu Mhariri,

Ile habari ya chuo cha udaktari kilichonunua meza ya skrini, ya wanafunzi kujifunzia mwili wa binadamu badala ya kupasua maiti, eti "kumaliza kero ya maiti", mnaikumbuka, maana mliipamba kwa picha kubwa ya mgeni rasmi akibofya ini. Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia neno. Safari hii mmenichokoza.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini goita, ule uvimbe wa tezi ya shingo, si ugonjwa wa kitabuni. Hata baada ya chumvi kutiwa madini joto, bado wapo kina mama wanaokuja kupasuliwa shingo. Kijana mmoja anayesomea ubingwa, mwenye alama ambazo mimi sikuwahi kuziota, alikuwa akinisaidia kwa mgonjwa wa namna hiyo. Nyuma ya tezi hupita neva ya sauti, inayobeba amri za ubongo kwenda kooni, nyembamba kama uzi wa kushonea, jirani kabisa na ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Kijana akaisogezea koleo aibane. Nikamshika mkono. "Hiyo nini?" "Kamshipa ka damu tu, Dokta." Nikamwambia ni neva. Akaitazama, akasema kwa unyonge: "Lakini kwenye skrini neva ni za njano." Mhariri, yule mama anauza mboga sokoni, anaishi kwa kuita wateja! Neva ile ikikatwa, sauti inakwaruza. Zikikatwa za pande zote mbili, hata pumzi inakuwa ya kutafuta. Simlaumu kijana. Waliomfundisha walimpakia neva njano, ateri nyekundu na vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, bluu, wakampa mwili mmoja uleule kila siku, kana kwamba binadamu tunatoka kiwandani. Karibu robo yetu tuna figo yenye ateri zaidi ya moja, na wapo wachache ambao hiyo neva ya sauti, upande wa kulia, haifuati njia ya vitabuni. Mtaniambia maiti iliyohifadhiwa kwa dawa ya fomalini nayo kila kitu kimegeuka kahawia. Sawa, na ndiyo maana inafundisha vidole: unaitafuta neva kwa kujua inatoka wapi na inakwenda wapi.

Meza yenyewe wasiitupe. Itafaa maonyesho ya Nane Nane.

Na hizo maiti zimekuwa chache kwa nini? Kwa sababu tumezoea kuwategemea wasiochukuliwa mochwari, yaani maskini. Wengine kweli hawana ndugu. Wengine ndugu wapo, wamekimbia deni. Ukimwambia mjane alipe kwanza bili ya matibabu ndipo apewe mumewe, na huku mochwari inahesabu siku, unategemea arudi? Hilo ndilo la ukurasa wa mbele. Tangu 2012 shirikisho la kimataifa la vyama vya anatomia, elimu ya maumbile ya mwili, limependekeza itumike miili iliyotolewa kwa hiari tu. Thailand wanafunzi humwita mwenye mwili mwalimu mkuu, na huhudhuria mazishi yake. Sisi wanafunzi hujazana meza moja, wa nyuma wakisoma visogo vya wenzao, na jina la marehemu hakuna aliyeliuliza.

Basi nafasi ile mnayoipa nyota za bahati, Jumamosi moja kila mwezi chapisheni fomu ya mtu kutoa mwili wake kwa chuo cha udaktari, yenye mstari wa saini ya mkuu wa ukoo, maana bila ukoo itakuwa ugomvi msibani. Ya kwanza nitaijaza mimi. Mke wangu amenuna, ila amekubali kuwa shahidi kwa sharti moja: wanafunzi wasinipige picha kwa simu.

Daktari mstaafu wa upasuaji,
Iringa