Kabla ya kununua viti vipya, pimeni meza

Mhariri,

Wafanyakazi wakilalamikia kiuno, ofisi nyingi hukimbilia viti vya bei kubwa vyenye migongo mirefu ya ngozi. Mara nyingi kasoro iko kwenye meza.

Meza zetu nyingi zina kimo cha sentimita 75 hivi, na haziteremki. Mtu wa sentimita 155 akikaa nyayo zikiwa sakafuni, viwiko vyake huwa kwenye sentimita 62 tu. Ili achape, atainua mabega kutwa nzima, shingo ikaze. Akipandisha kiti, miguu inaning'inia, ukingo wa kiti unambana mapaja na ganzi inaingia. Basi husogea mbele ili vidole viguse chini, na hapo ndipo anapoliacha egemeo la mgongo. Kiuno hupinda, diski za uti wa mgongo hubanwa na misuli haipati nafasi ya kupumzika. Kiti kizuri kipo, ila mgongo haukigusi.

Dawa yake ni rahisi. Pandisha kiti hadi viwiko vilingane na uso wa meza. Kisha weka chini ya miguu kasha la mbao lenye kimo kile kile ulichopandisha. Kwa mfano wetu, sentimita 13. Kaa hadi makalio yaguse egemeo, na kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Kiti kikiwa kirefu kwenda nyuma, weka mto mgongoni. Kanga iliyokunjwa na kuviringishwa, ikawekwa usawa wa mkanda wa suruali, inatosha kushikilia kiuno. Meza ya mbao inayotumiwa na mtu mmoja, mwiteni seremala aipunguze miguu.

Kompyuta mpakato ina shida ya peke yake: kioo kikiwa sawa, mikono iko juu mno, mikono ikiwa sawa, kichwa kinainama. Iinue kwa rimu tatu za karatasi, kisha nunua kibodi na kipanya vya pembeni. Ni matumizi madogo yenye faida kubwa kuliko kiti kipya.

Hata ukikaa vizuri, simama kila nusu saa, utembee dakika moja au mbili.

Lakini maumivu yakiambatana na mguu kulegea, ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo, usihangaike na kiti. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Morogoro