Faggura na watoto wake wanne

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa sokoni Ngamiani, kelele tupu. Ya pili nikaambulia swali. Ya tatu nilikuwa barazani na mama yako. Alipolisikia neno "pasipoti" akainuka akaenda zake jikoni, kimya. Jibu lake basi unalo. Langu naliandika, maana kwenye simu nikianza tu historia unaniambia mtandao unakatika.

Umeuliza uchukue uraia wa huko Uingereza au usichukue, ukijua kwamba ukiuchukua, huu wa kwetu Tanzania unaupoteza. Mimi si mwanasheria. Miaka yote niliyoshika chaki nimefundisha Warumi, kwa hiyo akili yangu imekwenda kwenye bamba moja la shaba.

Lilipatikana Banasa, magofu ya mji wa Kirumi katika Moroko ya leo. Limenakiliwa barua za makaisari kuhusu familia moja ya kabila la Wazegrense. Kwanza mtu mmoja aitwaye Julianus aliomba uraia wa Roma. Marcus Aurelius na mwenzake Lucius Verus wakampa, pamoja na mkewe Ziddina na watoto wao wanne, huku wakikumbusha kwamba watu wa makabila yale hawapewi hivihivi, mpaka wawe na sifa kubwa. Halafu mwaka 177 akaja Julianus mwingine, mkuu wa kabila hilohilo, akawaombea mkewe na watoto wake. Karani kule Roma akafungua daftari la waliopewa uraia, akaandika: Faggura, mke wa Julianus, miaka 22, Juliana, miaka 8, Maxima, miaka 4, Julianus, miaka 3, Diogenianus, miaka 2. Mashahidi 12 wakaweka majina yao.

Piga hesabu mwenyewe. Huyo Faggura alimzaa wa kwanza akiwa na miaka 14. Wasichana wa umri huo mimi nilikuwa nikiwasahihishia madaftari.

Lakini kilichonikaa rohoni ni maneno machache tu yaliyomo humo: wanapewa uraia, "haki ya kabila ikibaki salama". Yaani uwe Mrumi, na Uzegrense wako usiguswe. Kisha, bila hata kupumua, wanaongeza: na kodi isipungue. Ndio Warumi hao, mwanangu. Mkono wa kulia unakukumbatia, wa kushoto unakupapasa mfukoni.

Usidhani walianza hivyo. Zamani sheria yao ilifanana na yetu. Cicero, wakili na mwanasiasa wao mashuhuri, alisimama mahakamani mwaka 56 KK akasema Mrumi hawezi kuwa raia wa miji miwili. Na uraia wenyewe waliubana kweli. Washirika wao wa Italia waliwapigania vita vyao kwa vizazi, wakawa wanakufa kwa ajili ya Roma bila kupiga kura Roma. Walipoomba uraia wakanyimwa, na mwanasiasa aliyewatetea, Drusus, akauawa mwaka 91 KK. Hapo wakashika silaha. Wakajiwekea mji mkuu wao, wakapiga sarafu zao zenye picha ya fahali anayemchoma kwa pembe mbwa mwitu jike, mnyama wa Roma. Vita vya ajabu hivi: watu wanapigana ili waingizwe ndani! Mwaka uliofuata Roma ikaanza kugawa uraia huohuo iliokuwa imeukatalia. Ingetoa mapema, maelfu wasingekufa. Nilipofundisha hapo sikuzote kuna mwanafunzi aliyecheka.

Kwa watumwa, ajabu ni kwamba mlango ulikuwa wazi zaidi. Mtumwa aliyeachwa huru na raia kwa kufuata sheria aligeuka raia. Kwa Wagiriki aliyeachwa huru alibaki mgeni. Mfalme Filipo wa Tano wa Makedonia aliwaandikia watu wa Larissa, mji wa Kigiriki, akiwashangaa Warumi kwa jambo hilo, na akaliona ndilo linalowapa nguvu. Walioingia kwa jasho ni askari wasaidizi, watu wa mataifa yaliyotekwa. Miaka 25 jeshini, kisha unapewa uraia pamoja na vibamba viwili vya shaba vilivyofungwa kwa waya, vina majina ya mashahidi saba, na nakala mama imepigiliwa ukutani Roma. Mwanzoni uraia uliwafikia na watoto ambao askari aliwapata akiwa jeshini. Tangu mwaka 140 hivi watoto hao wakaondolewa. Wewe unayelalamikia fomu za huko, ungekuwa enzi hizo ungesemaje?

Na huko uliko walifikaje? Kwa panga. Kaisari Claudius alituma majeshi Uingereza mwaka 43. Miaka mitano baadaye alisimama kwenye Seneti, baraza kuu la Roma, akitetea wakuu wa Gallia, Ufaransa ya leo, waingie humo, akasema Athene na Sparta ziliangamia kwa sababu watu zilizowashinda vitani ziliwaacha nje kama wageni, ilhali Romulus, mwanzilishi wa Roma, aliweza kuwageuza maadui kuwa raia siku hiyohiyo. Hotuba ilichongwa kwenye shaba, na sehemu yake ipo hadi leo Lyon, mji aliozaliwa. Maneno matamu. Lakini mwaka 60 au 61 malkia Boudica, mjane wa mfalme aliyekuwa rafiki wa Roma, alichapwa viboko na binti zake wakanajisiwa na watu wa Roma hiyohiyo. Akachoma Colchester, akachoma London, akachoma Verulamium, mji wa kabila la Wakatuvelauni. Sikutaka usome habari za Warumi ukadhani nawasifia.

Nimewataja Wakatuvelauni kwa makusudi. Panda treni ya Metro hapo Newcastle ushuke South Shields, kuna ngome ya Kirumi inaitwa Arbeia. Tafuta jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Regina. Amekaa kitini, ana vyombo vyake vya kusokotea sufu na kikapu cha mabonge ya sufu, uso umevunjika. Alikuwa Mkatuvelauni, mtumwa aliyeachwa huru na Barates wa Palmyra, jangwani Syria, ambaye kisha alimwoa. Alikufa na miaka 30. Maandishi ya juu ni Kilatini, tena kibovu. Ningekikuta kwenye mtihani ningekizungushia kalamu nyekundu. Chini yake upo mstari mmoja kwa lugha ya nyumbani kwa Barates, nao umechongwa kwa mkono usiotetemeka: Regina, aliyeachwa huru na Barates, ole! Hilo neno la mwisho kwenye Kilatini halimo. Jambo rasmi aliliandika kwa lugha ya dola, kilio akakitia kwa lugha ya mama yake, mahali ambapo wapita njia wengi wasingeweza kukisoma.

Mwaka 212 Kaisari Caracalla akamaliza ubishi wote, akawapa uraia karibu watu huru wote wa dola. Cassius Dio, mwanahistoria aliyeishi wakati huo, anasema shabaha ilikuwa kodi, na Caracalla huyo ndiye aliyepandisha kodi ya urithi kutoka asilimia 5 hadi 10. Raia wapya wakachukua jina lake la ukoo, Aurelius, likajaa kila kona. Lakini sheria ilikuwa tayari imeshaanza kuwatenga raia waheshimiwa na raia wa chini, na wa chini wakachapwa. Unakumbuka Matendo ya Mitume sura ya 22? Paulo anafungwa ili apigwe mijeledi, anasema yeye ni Mrumi, wanaogopa wanamwacha, na jemadari anakiri kwamba uraia wake yeye aliununua kwa fedha nyingi. Paulo angelikuwa mshona mahema masikini miaka 200 baadaye, neno hilo lisingemwokoa.

Sasa swali lako. Ukijaza fomu sitanuna. Ninachokitamani kwenye karatasi zao na zetu ni yale maneno ya Banasa, haki ya kabila ikibaki salama, na hayamo. Kwa hiyo nangoja nisikie umeamua nini, na ukienda South Shields nipigie picha ule mstari wa chini.

Mama yako amerudi barazani sasa hivi, kaniuliza kurasa zote hizi naandika nini. Nikamsomea ya Faggura. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Miaka 22, watoto wanne, wa mwisho ana miaka miwili. Nani alikuwa anamsaidia kulea?"

Baba yako