Kabla Hamisi hajaiacha maabara

Mpendwa Saida,

Salamu nyingi, na nyumbani wote hawajambo. Ukimya wangu usiutafsiri vibaya, ni kazi tu.

Habari ya Hamisi imeninyima raha. Yaani aache stashahada ya bayoteknolojia mwaka wa mwisho, eti teknisheni ni mwosha chupa mpaka astaafu? Nani kamwambia? Kama ni shemeji yako tena, nitamkalisha chini mwenyewe.

Ni kweli mwanzo ni kuosha, kuandaa miyeyusho, kubandika lebo na kuandika joto la friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Lakini hapo ndipo mkono unapofundwa. Kuvuta mikrolita 2 kwa pipeti si mchezo: kidole kikibonyeza kitufe kupita kituo cha kwanza, umeshavuta kupita kipimo. Halafu PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi kwa mashine. Mashine itapanda nyuzi 95 kuachanisha DNA, itashuka, itarudi 72 kunakili, tena na tena, wala haitajua kama sampuli imechafuka. Anayejua ni teknisheni, pale anapoona mstari wa DNA unang'aa kwenye kontroli hasi, yaani sampuli ya kulinganishia isiyotiwa DNA, pasipotakiwa kuonekana kitu, akasema turudie yote. Hapo hata profesa anasubiri.

Na bado jina lake huenda likaishia kwenye shukrani mwisho wa makala, au lisitajwe kabisa. Hilo linaniuma, sikufichi.

Basi asiache, ila asikae palepale. Anayefanya kipimo kilekile miaka nenda rudi ndiye anayekwama. Akishaiva mkono achague njia: matengenezo ya mashine, uchambuzi wa data za jeni (aanze kujifunza kuandika programu sasa hivi), usimamizi wa maabara, au arudi kusomea shahada. Mimi ningemsukuma kwenye udhibiti wa ubora, kwenye dawa na chanjo. Anayeandika daftari kwa wino, akikosea hafuti bali anapiga mstari mmoja, anatia saini na tarehe, huyo ameshaanza kazi hiyo bila kujua. Neema si alianza na chupa hizihizi? Leo bechi ya dawa haitoki kiwandani bila saini yake.

Halafu Hamisi ana subira kuliko sisi wote. Subira yake ndiyo mtaji wenyewe, ndiyo maana nasema sana.

Sasa niambie: amebakiza mitihani mingapi? Mafunzo kwa vitendo alipata wapi, na walimwachia pipeti au alisimama pembeni akitazama wenzake? Maana kama alitazama tu, siwezi kumlaumu kwa kuchoka. Au tatizo ni ada, naye anaona haya kusema? Mama anasemaje? Na wewe, mgongo umepoa?

Mwambie anipigie Jumamosi jioni. Siku nyingine niko maabara na seli ninazozikuza, zinataka kubadilishiwa chakula kwa saa zao. Asijaze fomu yoyote ya kuacha chuo kabla hatujaongea.

Wako,
Rukia