Kwenu vijana mlioajiriwa kwenye kampuni za uwekezaji

Wanangu,

Kila nikipanda Upper Hill kwenda kliniki ya macho, nawaona mkishuka kwenye matatu, kadi za kazi shingoni, mwendo wa haraka. Nafurahi sana. Kazi hiyo niliifanya miaka ishirini na saba. Nilianza enzi za madalali kupaza sauti na bei kuandikwa ubaoni, kabla kompyuta hazijaingia soko la hisa mwaka 2006. Kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia siku ya kwanza.

Ofisi kubwa hukuzoesha pesa. Dhamana za serikali za siku 91, 182 na 364, yaani hati ambazo serikali hukopea pesa kwa muda mfupi, hupigwa mnada kila wiki, na milioni mia mbili zitapita mezani pako kabla chai haijapoa. Mwezi wa kwanza mkono utatetemeka. Kufikia mwezi wa sita umeshazoea, na hapo ndipo ninapoanza kuwaogopea.

Mwaka 2008 serikali iliuza sehemu ya hisa zake za kampuni ya simu ya Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Nairobi nzima ilipanga foleni. Nilikuwa nimekaa kaunta tangu asubuhi nikipokea fomu, akaja mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kitui. Alikuwa ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili, na fomu yake ameijaza kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, bila kosa hata moja. Nikagonga muhuri, nikampa risiti, nikamwita anayefuata.

Waombaji walikuwa wengi mno, kwa hiyo kila mmoja akagawiwa sehemu ndogo tu ya hisa alizoomba na pesa iliyobaki akarudishiwa. Kabla mwaka haujaisha, bei ilikuwa imeshuka chini ya zile shilingi 5. Mwalimu akarudi. Hakuja kugomba. Alitaka nimweleze tu, kwa sababu zile pesa alikopa kwenye sako, chama chao cha akiba na mikopo, na mshahara ulikuwa unakatwa kila mwezi. Nikamweleza vizuri, kwa upole, kama nilivyofundishwa. Kisha akaniuliza, "Na wewe dada, ulinunua ngapi?"

Sikuwa nimenunua hata moja. Nilishapiga hesabu mapema kwamba kwa foleni zile mgao ungekuwa mdogo, na kwamba mtu wa mkopo angelipa riba huku pesa zake zimekaa tu zikingoja kurudishwa. Nililijua hilo siku ile ile nilipogonga muhuri. Sheria sikuivunja, na mkubwa wangu alinisifu kwa idadi ya fomu. Swali la "Mwalimu, hizi pesa umezitoa wapi?" lingechukua nusu dakika.

Liulizeni swali hilo, wanangu, hata foleni iwe ndefu namna gani. Nyinyi mnaosimamia mifuko ya pensheni hamtamwona mwenye pesa dirishani, kwa hiyo itabidi mumfuate. Wadhamini wa mfuko wanapokutana na wanachama, omba kwenda, hata kama ni kubeba makabrasha tu. Kaa nyuma. Utamsikia dereva aliyebakiza miaka miwili kustaafu akiuliza kwa nini ada imepanda, na Jumatatu ukiiona tena ile ada kwenye jedwali utaisoma kwa jicho jingine.

Mengine mtajifunza wenyewe. Ukikosea oda, sema saa hiyo hiyo, maana kosa la asubuhi likilala hadi jioni huzaa. Ukijua siri ya kampuni iliyo sokoni, usiitumie kununua hisa, wala usimnong'oneze shemeji. Ni kosa la jinai. Bonasi ya kwanza msiimalizie kwenye gari.

Nina daftari langu la mwaka ule. Jina la mwalimu liko ukurasa wa kumi na nne, pamoja na idadi ya hisa alizoomba. Nanyi nunueni daftari, muandike majina.

Mama yenu,
Nairobi