Mwanafunzi akirudi kutoka China, asirudishwe darasa

Kwa Mhariri,

Tangu Januari, watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia Gredi ya 10, wazazi wa hapa kwetu Majengo, Pumwani, wamekuwa wakinifuata nyumbani na hata kunisimamisha njiani. Kichina kimo miongoni mwa lugha za kigeni ambazo mwanafunzi wa sekondari pevu anaweza kuchagua, nao wanajua kuwa nilikwenda China kwa ufadhili nikiwa bado shule ya upili. Wanataka kujua kama mtoto wa miaka kumi na sita akipata nafasi ya mwaka mmoja kule wamwachilie aende. Nawaambia wamwachilie. Halafu nami nawauliza jambo ambalo baba na mama yangu hawakuulizwa na mtu yeyote: akirudi, ataingia darasa gani?

Kalenda ya China haifanani na yetu. Kule mwaka wa masomo huanza Septemba na kwisha mwanzoni mwa Julai, wetu huanza Januari. Kwa hiyo mtoto anayekwenda mwaka mmoja anaikata miaka miwili ya Kenya. Mimi niliondoka Septemba 2014, muhula wa tatu wa Kidato cha Pili ukiendelea. Niliporejea Julai 2015, wenzangu walikuwa wamevuka nusu ya Kidato cha Tatu. Shule ikaamua nikae nyumbani hadi Januari, kisha nianze Kidato cha Tatu na waliokuwa nyuma yangu. Sikupewa hata karatasi moja ya mtihani ili ijulikane ninachokijua na nisichokijua. Hisabati nilikuwa nimeisoma mwaka mzima, tena kwa Kichina, na walimu wa huko hawana mchezo na hisabati.

Kurudia darasa ningelivumilia. Kilichoniuma ni cheti.

Kabla ya kuondoka Tianjin, mji wa China niliokuwa nikisoma, nilifanya HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, nikapita ngazi ya nne. Wakati huo ngazi hiyo ilidai maneno 1,200. Vyuo vingi vya China vinavyofundisha shahada kwa Kichina huomba ngazi hiyo au ya juu zaidi, na hukubali matokeo yasiyozidi miaka miwili. Ya kwangu yalikuwa ya Juni 2015, kwa hiyo yalikwisha nguvu Juni 2017. KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, niliifanya Novemba mwaka huohuo. Lau ningeruhusiwa kuendelea na darasa langu, ningeifanya Novemba 2016 na kuomba chuo mwanzoni mwa 2017 cheti kikiwa hai. Niliyefadhiliwa kwa tiketi, bweni, chakula na karo nilibaki na karatasi iliyopitwa na wakati kwa sababu ya uamuzi uliochukua dakika chache katika ofisi ya shule.

Na lugha yenyewe nayo ilipungua. Shuleni hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Mwalimu wa kujitolea kutoka China aliyeanzisha klabu yetu ya Kichina alikuwa amemaliza muda wake na kurudi kwao, na klabu ikafa. Kwenye KCSE ya wakati huo lugha za kigeni zilikuwa Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu, kwa hiyo Kichina changu hakikuwa na alama yoyote ya kuniongezea. Nilikuwa nikiandika herufi usiku kwenye daftari la miraba, kila mraba umegawanywa vinne kama tulivyofundishwa, ili mkono usisahau. Mkono ulikumbuka. Sikio ndilo lililofifia.

Wapo wanaosema watoto hawa hupelekwa kutalii. Waliokwenda kambi za majira ya joto za wiki mbili, sawa, wengi hurudi na picha. Mwaka mzima ni jambo jingine. Kengele ya asubuhi, mazoezi uwanjani kwenye baridi ambayo mtoto wa Nairobi haijui, masomo hadi jioni, kisha kurudi darasani usiku kujisomea hadi karibu saa nne. Baada ya chakula cha mchana darasa zima hulala, vichwa juu ya madawati. Saa za kule zimetangulia zetu kwa tano, hivyo baba alipomaliza Isha msikitini hapa Pumwani mimi nilikuwa nimelala zamani. Tulizungumza Jumapili tu, adhuhuri yake, jioni yangu.

Kilichonipa shida zaidi ni toni. Kichina kina nne, na silabi ileile ikibadilishwa toni inakuwa neno jingine. Mimi nimezaliwa na Kiswahili, ambacho hakina toni. Mwenzangu aliyekulia Kisumu akizungumza Dholuo alizinasa mapema, kwa sababu Dholuo ina toni zake, kama ilivyo kwa Kikuyu. Laiti mwalimu mmoja hapa angetuambia hivyo kabla ya safari! Kenya ina watoto wengi ambao masikio yao yamekwisha kuandaliwa na mama zao, na hakuna anayelitumia jambo hilo darasani.

Chakula nacho kiliwatia wazazi wangu wasiwasi kuliko mitihani. Nawaambia wazazi Waislamu wa hapa wasiogope. China ina Waislamu wengi, wakiwemo Wahui, ambao tambi zao za supu ya ng'ombe zinauzwa karibu kila mji, na mkahawa wa shule yetu ulikuwa na dirisha lake la chakula cha halali. Mpishi wa dirisha hilo alikuwa wa kwanza kunisifu kwa toni ya tatu. Nilimpenda mzee yule kama babu yangu.

Nairobi haiwezi kusema mambo haya ni mageni kwake. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, inayoshirikiana na chuo cha ualimu cha Tianjin, ilianzishwa Desemba 2005 na ndiyo ya kwanza Afrika. Mwaka huohuo 2005 magazeti yalimwandika sana Mwamaka Sharifu wa Siyu, kisiwani Pate, aliyepata ufadhili wa kusomea tiba ya Kichina kule Nanjing. Lakini yeye alikwenda chuoni. Mwanafunzi wa shule ya upili ana dawati analoliacha nyuma, na hilo dawati ndilo ninalolipigania.

Mwaka 2019 KICD, taasisi ya serikali inayoandaa mitaala, ilitangaza kwamba Kichina kingeanza kufundishwa Gredi ya Nne mwaka uliofuata. Waliokuwa Gredi ya Nne mwaka 2020 ndio hawa walio Gredi ya 10 sasa. Serikali imewaonyesha watoto hawa mlango wa Kichina tangu wakiwa wadogo. Nyumba yenye mlango wa kuingilia bila wa kutokea haifai kukaliwa na mtoto.

Naiomba Wizara ya Elimu itoe waraka kwa walimu wakuu wote. Anayekwenda kwa ufadhili unaotambuliwa apewe muhtasari wa masomo yake aondoke nao, nafasi yake ihifadhiwe, na akirudi apimwe kisha aingie na rika lake, akisaidiwa likizo ya Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka kufidia alichokosa. Akishindwa kipimo, hapo ndipo arudie. Na shule iliyompeleka mtoto iwe na mwalimu wa kumwendeleza Kichina akirudi, hata kwa saa chache kwa wiki.

Leo kazi yangu ni kuwasaidia wafanyabiashara wa Eastleigh kuandikiana na wauzaji wa Yiwu na Guangzhou: vipimo vya vitambaa, bei, malalamiko ya mzigo uliochelewa. Jumamosi nafundisha watoto wachache wa mtaa. Mmoja wao, msichana mwenye akili kali, yuko Gredi ya 10 na ameomba ufadhili wa mwaka mmoja. Akipata ataondoka Septemba hii na kurudi Julai 2027, wenzake wakiwa Gredi ya 11. Waraka huo uwe umemfikia mwalimu wake mkuu kabla hajapanda ndege.

Z. M.,
Majengo, Pumwani, Nairobi