Dawa za wagonjwa wa akili zisikatike wilayani

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu upatikanaji wa dawa za magonjwa ya akili vijijini. Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo. Akichomwa sindano yake ya kila mwezi analima, anakula nasi, anacheka. Dawa ikikosekana ugonjwa hurudi, na majirani huanza kututajia waganga. Ziko familia zinazomfunga mgonjwa kamba, mara nyingi si kwa ukatili bali kwa kukosa pa kumpeleka.

Hospitali ya Mirembe, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, haiwezi kubeba nchi nzima, na nauli ya kufika huko wengi hatuna. Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe dawa hizi hazikatiki katika hospitali za wilaya, na kila kituo cha afya kiwe na muuguzi aliyefundishwa kuzitoa na kuwafuatilia wagonjwa majumbani.

Msomaji wako,
Singida